Bwawa la Umma: Umma Upi?

Katika somo la semantiki huwa tunawaambia wanafunzi wetu kwamba maana ya neno haipatikani kamusini pekee. Huonekana pia katika namna jamii inavyolitumia. Makala haya mafupi yanakusudia kulitazama neno moja, 'umma', kupitia historia ya bwawa la kuogelea la Moree, mji mdogo wa wakulima ulioko kaskazini mwa jimbo la New South Wales, Australia.

Mwaka 1895 kisima kirefu kilichimbwa Moree, yakatoka maji ya moto. Watu wakaanza kuyaoga, na baadaye bwawa likawa fahari ya mji. Liliitwa la umma. Hata hivyo, mwaka 1955 halmashauri ya mji ilipitisha azimio la kuwakataza Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hiyo, kuogelea humo au hata kuingia katika eneo lake.

Februari 1965 wanafunzi wapatao 30 wa Chuo Kikuu cha Sydney walifika Moree kwa basi, wakiongozwa na Charles Perkins, Mwaborijini aliyekuwa akisoma chuoni hapo. Ziara yao iliitwa Safari ya Uhuru, kwa kuiga ile ya wapigania haki wa Marekani ya mwaka 1961. Walifuatana na watoto wa Kiaborijini hadi langoni mwa bwawa. Umati wenye hasira uliwarushia mayai na nyanya. Kabla hawajaondoka, meya alikubali kwamba azimio lile lifutwe.

Miaka miwili baadaye, katika kura ya maoni ya 1967, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono kuondolewa kwa kifungu cha katiba kilichowaacha Waaborijini nje ya hesabu ya watu wa nchi. Wasomaji wataona kwamba swali la langoni na swali la katiba lilikuwa moja: nani anahesabiwa?

Kila bwawa huchakaa. Saruji hupasuka, mabomba hushika kutu. La Moree nalo limekarabatiwa, na leo mahali pale pana kituo cha kisasa cha kuogelea. Lakini mwaka 2013 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya turathi za taifa, ili ukarabati usifute yaliyotokea pale.

Sisi nasi hatuko mbali na historia hii. Wazee wetu wanazikumbuka klabu za wakoloni ambamo Mwafrika aliingia kama mtumishi tu. Hivyo basi, tunawaomba walimu wenzetu, mnapofundisha 'shule ya umma' au 'hospitali ya umma', msiishie kwenye ngeli na asili ya neno. Waulizeni wanafunzi: mlangoni pale, ni nani anayerudishwa?