Maziwa na Mikate ya Winnipeg

Mji wa Winnipeg, ulio katikati ya Kanada, mahali zikutanapo reli za mashariki na za magharibi, ulikuwa katika mwaka 1919 ukipata riziki yake ya asubuhi kwa miguu ya farasi, kwani maziwa na mikate vilipitishwa nyumba kwa nyumba kwa magari ya kukokotwa, na mama mwenye mtoto mchanga hakuwa na njia ya kuyaweka maziwa siku nyingi yasichache. Basi tarehe 15 Mei, ilipotimu saa 5 asubuhi, watu wapatao 30,000 walipoacha kazi ili kuwaunga mkono mafundi wa chuma na waashi walionyimwa haki ya kupatana ujira kwa njia ya vyama vyao, waokaji na wachukuzi wa maziwa waliondoka nao, na milango ikangoja bure.

Wakuu wa mgomo hawakukusudia kuwatesa watoto, ambao wengi walikuwa wa kwao wenyewe. Kwa hiyo, baada ya kushauriana na madiwani na wenye viwanda vya maziwa, waliyatoa magari tena, kila moja limebandikwa kadi ya kuarifu kwamba linapita kwa idhini ya kamati ya mgomo, ili mwenye kuliendesha asidhaniwe msaliti. Lakini matajiri wa Kamati ya Raia Elfu Moja, iliyoupinga mgomo, ambao khofu ya mapinduzi ya Urusi ilikuwa imewaingia, waliisoma kadi ile kuwa ni tangazo la dola mpya. Meya Charles Gray akataka kadi hizo ziondolewe, zikaondolewa. Tuhuma ile, kwa rai yangu, haikuwa ya upuuzi mtupu, maana mtu wa mtaani humjua mtawala wake kwa yule awezaye kuuruhusu mkate upite.

Maji nayo yaliachwa na nguvu ya kufikia nyumba zisizo na ghorofa tu. Na wengi wa waliolala ghorofani hawakuwa maskini.

Bibi Helen Armstrong, mtetezi wa wanawake wafanyakazi, na wanawake wenziwe walifungua jiko la wagomaji lililofikia kulisha watu 1,500 kwa siku, wanawake wakila bila malipo. Tarehe 21 Juni askari waliishambulia barabarani halaiki ya walioliunga mkono jambo la wagomaji, wakafa watu wawili. Na tarehe 26, saa 5 ileile ya asubuhi, mgomo ukafungwa, wengi wakirudi kwa masharti ya waajiri, na wengine wasipokelewe tena.