Sauti ya Ikulu na Chumba cha Mhadhara: Waimbaji wa Luapula katika Karne ya 20

Anapotajwa mwimbaji wa klasiki anayefundisha chuo kikuu, fikra hukimbilia Ulaya. Makala hii inabaki Luapula. Kuanzia Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, hadi Nchelenge na ufukwe wa Ziwa Mweru penye Kafutuma, umekuwapo uimbaji unaolelewa na ikulu, wenye matini yasiyobadilishwa ovyo, na ambao mwanagenzi huupata kwa kumfuata mkubwa wake. Wabemba huwaita wanamuziki hao wa watawala ing'omba.

Uzito wa kazi yao hauko katika ufundi wa koo pekee. Tungo za sifa za Walunda wa Kazembe hutaja aliyeshinda na aliyeshindwa, aliyetoa na aliyepokea. Tuchukue simulizi la Nachituti. Mwanawe aliuawa na Nkuba, kaka yake Nachituti mwenyewe. Kazembe akamlipizia kisasi. Naye Nachituti akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. David Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha jinsi zawadi hiyo ilivyoendelea kubeba hoja za umiliki wa ardhi na uvuvi. Katika mazingira hayo, mwimbaji akikosea jina amegusa haki ya mtu.

Kalamu iliingia polepole. Mwaka 1951 ilitolewa historia ya Walunda kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kwa jina la Mwata Kazembe XIV Chinyanta Nankula. Mwaka 1962 Taasisi ya Rhodes-Livingstone ikachapisha sifa za wafalme hao zilizokusanywa na Jacques Chiwale. Hii ilikuwa hidaya kubwa, kwa kuwa lugha ya sifa hizo ni ya kale, yenye asili ya Kiluba, na msikilizaji wa Kibemba haielewi yote. Hata hivyo, ukurasa hauonyeshi pumzi inakatwa wapi.

Swali hilo la sauti lilishikwa na Mwesa Isaiah Mapoma, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Zambia, chuo kilichofunguliwa mwaka 1966. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1980, ilichunguza mambo yanayounda mtindo wa muziki wa ing'omba. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mwimbaji wa ikulu alipoanza kutazamwa kama mwanataaluma mwenye kanuni zake, si ghala la maneno tu.

Lakini kuchunguzwa si kuajiriwa. Shahada humwendea mtafiti; mwimbaji hubaki "mtoa taarifa", jina ambalo, tukiri, ni la kibahili. Uganda ilijaribu njia ya kati: Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, aliajiriwa na Jumba la Makumbusho enzi za Klaus Wachsmann, na baadaye akamfundisha Gerhard Kubik. Mwalimu alikuwa Muyinda. Vitabu viliandikwa na wanafunzi wake.

Huko Mwansabombwe darasa halijafungwa. Kila Julai, katika sherehe ya Mutomboko, mondo, ngoma ya gogo lililochimbwa, hutamka majina ya sifa mbele ya Mwata, na anayetaka kujifunza husogea karibu na mpigaji.