Tabia ya Sauti Haikai Kwenye Sanduku: Kulinganisha Amplifaya Chini ya Mlima Meru

Jumamosi moja, sebuleni kwa mzee mmoja mstaafu wa Njiro, Arusha, tulikuwa watu watatu na amplifaya mbili. Ya kwanza ilikuwa ya valvu, wati zake hazifiki kumi kila upande, taa zake zikiwaka rangi ya kaa la moto. Ya pili ilikuwa ya transista, wati 100. Mzee alikwisha kutoa hukumu kabla hatujaketi: ya valvu ina sauti tamu, ile nyingine kavu. Fundi niliyekwenda naye, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya Soko Kuu, hakubisha. Alitoa mita yake, akaomba upigwe mlio mmoja wa hezi 1,000 kupitia kila amplifaya, kitufe cha sauti kikiwa palepale mzee alipozoea kukiweka. Kwenye vituo vya spika valvu ilisoma volti 3.05. Transista ilisoma 2.83.

Tofauti hiyo ni kama thuluthi mbili za desibeli. Sikio haliitambui kuwa ni kelele iliyozidi, lakini huipenda. Tangu Fletcher na Munson wachapishe vipimo vyao mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikipanda, besi huonekana kunenepa kuliko sehemu nyingine za muziki. Muuza redio yeyote mwenye uzoefu anajua hila hii, hata kama hajapata kusikia majina hayo mawili: mashine unayotaka iondoke dukani leo, ipandishe sauti kidogo kuliko jirani yake.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kinachoitwa tabia ya sauti ya amplifaya ya bei kubwa, kwa sehemu kubwa, si mali ya amplifaya. Huzaliwa pale inapokutana na spika, chumba na umeme. Anayelinganisha amplifaya bila kuvitaja vitu hivyo vitatu anafanana na anayelinganisha madereva bila kusema nani alipita lami na nani alipita rafu rodi.

Mjadala huu ni wa zamani na una kambi mbili zisizosalimiana. Kambi moja hupenda kukumbusha jaribio lililochapishwa na jarida la Marekani la Stereo Review mwezi Januari 1987, ambapo wasikilizaji waliofichwa wasijue mashine ipi inapiga walishindwa kuzitofautisha amplifaya ambazo bei zake zilipishana mno. Kambi ya pili husema majaribio ya namna hiyo huchosha masikio, na kwamba mtu huijua amplifaya yake kwa kukaa nayo miezi. Kwangu mimi, kisa kinachofundisha zaidi ni cha mwaka 1985. Mhandisi Bob Carver aliwaambia wahakiki wa jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya transista, ya bei ya kawaida, isikike sawasawa na ya valvu ya bei kubwa waliyoichagua wao wenyewe. Alifanya kazi ndani ya chumba cha hoteli, akirekebisha na kupima, mpaka wahakiki wale wakakiri kwamba hawaoni tofauti. Kambi zote mbili zilidai ushindi. Nadhani zote mbili zilikosea, kwa sababu Carver alionyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba tofauti ya sauti ilikuwepo kweli, na kwamba inaweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine kwa vifaa vya kawaida vya fundi.

Ni nini hasa kinachohamishwa? Kikubwa ni ukinzani wa ndani. Kila amplifaya ina ukinzani wake, na spika nayo ina wake, ila wa spika haukai mahali pamoja. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi omu 4 kwenye masafa fulani na kupanda hadi 20 kwenye masafa ya besi. Tuchukue amplifaya ya valvu yenye ukinzani wa ndani wa omu 2. Pale spika inaposhuka hadi omu 4, hupokea asilimia 67 tu ya volti. Pale inapopanda hadi 20, hupokea asilimia 91. Hiyo ni tofauti ya desibeli 2.7, na mtu yeyote ataisikia: besi itanenepa, sauti ya mwimbaji itasogea mbele au kurudi nyuma kutegemea spika ilivyoundwa. Amplifaya nyingi za transista zina ukinzani wa sehemu ndogo ya omu moja. Ukiwa 0.05, tofauti ileile haifiki hata sehemu ya kumi ya desibeli. Sababu mojawapo kubwa ni mbinu aliyoibuni Harold Black mwaka 1927, ya kurudisha nyuma sehemu ya sauti inayotoka ili iisahihishe inayoingia. Mbinu hiyo hupunguza makosa, na kwa njia hiyohiyo hupunguza ukinzani wa ndani. Amplifaya ndogo za valvu zinazouzwa ghali leo mara nyingi huikwepa kwa makusudi.

Hapo ndipo msamiati wa mafundi wetu unapowapita waandishi wa majarida ya ng'ambo. Waandishi hao husema sauti ina joto, au ina hewa, au ina giza, na ukimuuliza mmoja joto hilo liko wapi kwenye mashine, atakupa sitiari nyingine. Fundi wa Arusha akisema ampu inakoroma, anamaanisha kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Akisema inapasua, volti zimeisha na vilele vya sauti vinakatwa. Akisema besi imelegea, anashuku kwamba amplifaya haimudu kuizuia koni ya spika isiendelee kucheza baada ya noti kwisha, jambo ambalo ni sura nyingine ya ule ukinzani wa ndani. Kila neno linaelekeza bisibisi mahali pake. Ni neno "tamu" peke yake lisiloelekeza popote ndani ya sanduku, kwa kuwa linamhusu msikilizaji. Sisemi lifutwe. Nasema liwekwe mwisho, baada ya mita kukunjwa.

Msikilizaji wa hapa ana jambo jingine la kumfaa. Mwaka 1973 Harry Pearson alianzisha jarida la The Absolute Sound akisisitiza kwamba kipimo cha mashine ni ala halisi zikipigwa bila kupitia umeme. Kwa mkazi wa mji mkubwa wa Ulaya hiyo ni tiketi ya ukumbi. Kwa mkazi wa Arusha ni Jumamosi ya kawaida: msafara wa harusi unateremka kutoka Sanawari, kundi la matarumbeta likiwa nyuma ya pikapu. Utamaduni huu wa Walutheri, wenye asili ya Kijerumani, umezoesha masikio ya watu wa Meru na Kilimanjaro kujua trombone ikipigwa hatua tano kutoka ulipo inafananaje: ule ukali wa mwanzo wa noti, kisha mwili wake. Basi, baada ya fundi kusawazisha volti, tulipiga rekodi ya matarumbeta badala ya diski ya majaribio. Mzee akageukia ukutani asione. Karibu kila mara aliitambua valvu yake. Tofauti ilikuwepo.

Fundi akachomoa mkobani rezista mbili nyeupe za kauri, omu 2 kila moja, ambazo bei yake haifikii sahani ya chipsi mayai, akaziunga kwenye nyaya zinazotoka kwenye transista kwenda kwenye spika, kisha akasawazisha tena kwa mita. Safari hii mzee alisita, akabadili jibu, akaanza kubahatisha waziwazi.

"Mzee, unasikia ipi?"

"Zote zangu," akajibu, na hakuwa anatania sana.

Naomba nisieleweke vibaya: sebule moja na msikilizaji mmoja si ushahidi wa kitakwimu, na amplifaya ya valvu ikisukumwa hadi ukingoni itaongeza vijisauti vyake, hasa kile kilicho oktavu moja juu ya noti, ambavyo rezista haiwezi kuviiga. Sisi tulisikiliza kwa sauti ya chini. Lakini kama sehemu kubwa ya utamu ilihama na vijiti viwili vya kauri, bei ya mashine haiwezi kuwa ndiyo maelezo yake.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la mahali hapa hasa. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na koni ya spika ikisukuma hewa nyepesi hutoa sauti pungufu kwa takriban desibeli moja. Upungufu huo ni mmoja kwa amplifaya zote, kwa hiyo hauharibu ulinganisho. Umeme ndio unaouharibu. Jioni ile, majiko na pasi za mtaa mzima zilipowashwa, mita ukutani ilishuka kutoka 231 hadi 204. Nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo amplifaya ya wati 100 isiyo na kidhibiti cha ndani hubaki na wati 78 hivi. Ile isiyofika wati kumi, ambayo ukingo wake uko karibu zaidi, huanza kupasua mapema zaidi kila trombone inapopanda. Mashine ileile, spika zilezile, saa mbili baadaye: tabia nyingine. Mhakiki aliyeandika sifa zake London hakuwa na habari na saa moja ya jioni ya Njiro.

Mzee sasa anataka tulirudie jaribio kukiwa na stabilaiza na pasipo nayo. Tumekubaliana lisubiri mvua za masika zipite, maana juu ya sebule yake hakuna dari, ni mabati matupu.