BAO, KOMPYUTA NA VITA VYA TANGA: MAONI YA MCHEZAJI

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike machache juu ya historia ya mji wa Tanga. Wakati huo huo vijana walioko shuleni, kila tunapokutana nao siku ya mkutano wa mwaka, wana swali lao lile lile: katika michezo ya kompyuta ya kupanga vita, upi ulio bora, na sisi tuliowatangulia tunaona faida gani ndani yake? Nimeonelea maombi haya mawili yajibiwe kwa makala moja. Mimi ni mchezaji wa bao tangu utotoni, na michezo ya kompyuta nimeicheza kwa miaka mingi. Tena katika mwambao wetu huu wa kaskazini palitokea mapigano mawili, ya Tanga mwaka 1914 na ya Jasini mwaka 1915, ambayo mchezaji yeyote mwenye akili hana budi kuyafahamu.

MKAKATI NA MBINU

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo vijana huyachanganya. Mkakati ni mpango mkubwa: vita vipiganwe wapi, kwa mali gani na kwa muda gani. Mbinu ni mwendo wa kikosi uwanjani: nani atangulie, nani alinde ubavu, nani abaki nyuma. Bao la Kiswahili linakusanya yote mawili. Mtu anayenamua huku akiitunza nyumba yake ana mkakati. Mtu anayeshika kete moja mkononi, akapima aitie shimo lipi ili ale na kuanzia kichwa kinachomfaa, huyo yumo katika mbinu. Kete ni 64, mashimo ni 32, na fundi wa kweli huziona hesabu zake kabla mkono haujagusa ubao.

Wazungu nao walikuwa na michezo yao. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, na jeshi hilo likautumia kuwafundishia maofisa wake. Jambo kubwa katika mchezo huo lilikuwa ni mwamuzi. Wachezaji hawakuruhusiwa kuona kila kitu. Mwamuzi aliwaonyesha kile tu ambacho askari wao wangeweza kukiona. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake juu ya vita vya askari wa sanamu. Ndipo ikaja kompyuta. Mwaka 1991 Sid Meier na wenzake huko Marekani walitoa Civilization, ambamo mchezaji huendesha taifa zima kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1994 Julian Gollop na wenzake huko Uingereza walitoa UFO: Enemy Unknown, ambamo mchezaji huongoza kikosi kidogo, askari mmoja mmoja. Mwaka 1997 ikatoka Age of Empires, na mwaka 1999 Jagged Alliance 2, ambamo kila mpiganaji ana jina lake, tabia yake na ujira wake.

Maoni yangu nitayasema wazi. Michezo ya mkakati mkubwa naipenda, lakini michezo ya kikosi naipenda zaidi. Sababu zangu zimo katika historia ya mji wetu.

SIKU NNE ZA NOVEMBA

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilitokea mbele ya bandari ya Tanga. Kapteni wake, Caulfeild, akamtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dakta Auracher, autoe mji katika muda wa saa moja. Auracher akaomba ruhusa akashauriane na wakubwa wake, akaenda zake, na bendera nyeupe haikuonekana. Waingereza wakapoteza saa nyingi wakitafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo. Nyuma ya Fox zilikuja meli zilizobeba jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walikuwa melini tangu katikati ya Oktoba. Wengi walikuwa wamechoka na bahari, na baadhi yao walipewa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya safari.

Usiku huo wakaanza kuteremka Ras Kazone. Tarehe 3 kikosi cha kwanza kilisogea kuelekea mjini kikarudishwa kwa hasara. Huku nyuma Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa akiwaleta watu wake kutoka upande wa Moshi kwa reli, reli ile ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Watu wake hawakuzidi sana 1,000, na kombania nyingi zilikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, ambazo moshi wake humfichua mpigaji.

Sasa mchezaji atazame vizuri. Kwa hesabu ya bao, mchezo huu ulikuwa umekwisha: kete nane kwa moja. Lakini bao halina giza. Mchezaji huziona kete za mwenzake kama anavyoziona zake, isipokuwa hesabu imshinde. Tanga palikuwa na giza, yaani minazi, mashamba ya mpira na vichaka, na ushindi ulikwenda kwa aliyejitahidi kulipunguza giza hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow mwenyewe alipanda baiskeli pamoja na wenzake wawili, akapita katika mji uliokuwa mtupu mpaka akaziona taa za meli za adui. Aitken hakutuma watu wa kuipeleleza nchi iliyo mbele yake. Kule Mombasa alikuwa na nafasi ya kuwachukua askari wa KAR waliozoea vita vya nchi hii, asiwachukue. Mizinga yake ya milimani haikushushwa pwani. Ilifyatuliwa kutoka sitaha ya meli.

Mchana wa tarehe 4 jeshi likasonga mbele katika joto kali. Upande wa kulia, karibu na bandari, Waingereza wa Lancashire na Wagurkha wa Kashmir waliingia mjini na kuiteremsha bendera ya Kijerumani katika hoteli ya Kaiser. Upande wa kushoto mambo yaliharibika. Vikosi vingine vilivunjika, na wale wa 101 Grenadiers walipojaribu kuuzunguka ubavu wa Wajerumani wakapigwa wao ubavuni na kombania ambazo Lettow alikuwa amezihifadhi kwa saa hiyo. Nyuki nao waliochokozwa kwa risasi wakatoka mizingani. Waingereza wengi walisadiki kwamba ni hila ya adui. Kumbe nyuki hawakuchagua, maana na wapigaji wa bombomu wa Kijerumani walikimbizwa.

Lakini kitu kinachonistaajabisha zaidi ya nyuki ni usiku uliofuata. Kwa kutoelewana kwa amri, kombania za Lettow zilirudi nyuma mpaka kambini Kange, na mji wa Tanga ukabaki wazi. Aitken angeweza kuingia kwa miguu. Hakujua, kwa kuwa hakuwa na mtu mbele wa kumwambia. Tarehe 5 akaamuru watu wake warudi melini, wakaacha bunduki zaidi ya 400, risasi zipatazo nusu milioni, bombomu, simu na mablanketi. Upande wa Waingereza walikufa watu wapatao 360, na karibu 490 walijeruhiwa. Upande wa Wajerumani waliokufa hawakufikia 100. Msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, haujapata kuwa na ushahidi mkubwa kuliko huo.

Ndiyo maana nawashauri vijana mchezo wa kikosi wenye giza. Katika UFO mchezaji anayekimbiza askari wake wote mbele bila kumtanguliza mpelelezi hufundishwa adabu katika dakika tano. Katika michezo mingi ya mataifa makubwa, mwenye jeshi kubwa hushinda kwa wingi tu, naye akalala akidhani kwamba amejifunza vita.

JASINI: HESABU YA RISASI

Hata hivyo mkakati una somo lake, na somo hilo liko Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, katika wilaya ya Mkinga ya leo. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 Lettow aliizingira ngome ndogo ya Waingereza pale na kuiteka. Katika waliokufa ndani ya ngome alikuwamo Kanali Raghbir Singh wa jeshi la Kashmir. Kwa macho ya mtazamaji huu ulikuwa ushindi wa pili. Lakini Lettow alipopiga hesabu aliona ametumia risasi 200,000 na amepoteza maofisa wengi ambao hakuna meli ya kuwaleta wengine. Akatambua kwamba ushindi wa namna hiyo akiupata mara chache tu atakwisha. Tangu hapo akaacha mapigano makubwa ya ana kwa ana, akawa mtu wa kuvamia reli na kukimbia. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, lakini yeye hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Mchezaji wa bao analielewa hili mara moja. Ziko kete ambazo ukizila unashangiliwa na watazamaji, na baada ya mizunguko miwili nyumba yako ni tupu. Kwa somo hili michezo kama Age of Empires inafaa, maana humlazimisha mchezaji kuhesabu chakula, mbao na dhahabu kabla ya kutamba kwa mikuki.

KETE ZISIZO NA MAJINA

Hapa nafika kwenye jambo linalonifanya nipende michezo ya kikosi kuliko mingine yote. Katika bao kete iliyoliwa haifi. Hupandwa upande wa aliyeila na kumtumikia. Ilikuwa hivyo hata katika vita hivi. Kuanzia mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha KAR kwa kuwaandikisha watu waliokuwa askari wa Wajerumani. Waafrika walipigana na Waafrika kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya, na walipotekwa wakapandwa upya.

Na nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake waliochukuliwa katika muda wote wa vita wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam latokana na jeshi hilo la wapagazi. Upande wa Wajerumani nao walichukuliwa wanaume na wanawake, na vyakula vya vijiji vikatwaliwa.

Mwaka 2012 UFO ilitolewa upya kwa jina la XCOM. Ndani yake umo ukuta wa ukumbusho: kila askari aliyekufa chini ya uongozi wako jina lake huandikwa pale, na kila unaporudi kambini unaweza kulisoma. Ni mchezo tu, na askari wale hawakuwahi kuishi. Lakini mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika utumishi wa vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Maofisa waliandikwa katika mawe. Mpagazi wa Kidigo, wa Kibondei au wa Kisambaa aliyebeba sanduku la risasi kutoka kwao asirudi, hakuandikwa popote.

Ndugu zangu, watu hawa wasiokuwapo wamepewa ukuta, na babu zetu waliokuwapo hawakupewa. Simlaumu aliyetengeneza mchezo. Yeye amefanya jambo jema, maana amemfundisha kijana kwamba amri ya kusonga mbele ina jina la mtu mwishoni mwake. Katika michezo ya mataifa makubwa askari ni tarakimu, na mchezaji hutoa 1,000 ili apate mji. Aitken naye aliwaona watu wake hivyo. Hata wanafunzi wa historia huweza kuwa hivyo, wakijua idadi ya bombomu zilizotekwa Tanga na wasijue jina la Mwafrika hata mmoja aliyekuwapo siku hiyo.

WITO KWA VIJANA

Chezeni, wala msisikilize wanaosema kwamba michezo yote ni upotevu wa wakati. Anzeni na bao, maana ni letu na halihitaji umeme. Kisha chezeni mchezo mmoja wa mkakati ili mjue hesabu ya mali, na mmoja wa kikosi ili mjue giza na thamani ya mtu. Mkimaliza, tokeni nje. Ras Kazone ipo, njia ya reli ipo, na makaburi ya vita ile yapo mjini humu. Yatembeleeni mkiwa na ramani mkononi, mkajionee jinsi umbali uliomshinda jemadari wa watu 8,000 ulivyo mfupi.

Tena liko jambo moja ambalo sisi wa zamani hatukulifanya tulipokuwa madarasani, na bado lawezekana ingawa muda umekuwa mrefu. Katika Mkinga, Muheza, Lushoto na Pangani zimo nyumba ambamo jina la babu wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo bado linatajwa. Mwende likizo na madaftari. Andikeni jina, kijiji, na lolote linalokumbukwa juu ya kwenda kwake. Tukipata majina 20 yatoshe kwa mwanzo, nasi wanachama tuchangie kitabu cha kuyaandikia kwa wino mzuri, kikae katika maktaba ya shule mahali kila mwanafunzi atakapokiona.