Siri ya Barua na Mwenye Ufunguo

Katika mwaka wa 1844 alikuwako mjini London Mwitalia mmoja, jina lake Giuseppe Mazzini, aliyekimbilia huko kwa sababu ya kutaka nchi yake iwe moja na huru. Alipokea barua nyingi, akaanza kushuku kwamba zilikuwa zikifunguliwa njiani. Hakupiga kelele. Yeye na rafiki zake walitia ndani ya bahasha mbegu ndogo ndogo, nywele na chembe za mchanga, kisha wakazipeleka posta. Barua zilipofika, lakiri zilionekana salama, lakini mbegu hazimo. Mkono uliozifungua ulikuwa hodari wa kuigiza lakiri. Haukujua kwamba ulipaswa kuhesabu mbegu.

Habari ilifika Bungeni. Ikadhihirika kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, alikuwa ametia sahihi hati ya kuruhusu barua hizo zifunguliwe, na kwamba ndani ya Posta ilikuwako idara ya siri iliyofanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Watu walighadhibika hata wakaligeuza jina la Waziri kuwa kitenzi, maana yake kufungua barua ya mtu kwa siri. Idara ile ikavunjwa mwaka ule ule. Hata hivyo, hati ya Waziri ilikuwa halali. Lakiri humzuia jirani na mtumishi. Yule aliyekabidhiwa barua aichukue ana nafasi ya kuifungua akiamriwa.

Tuliache London tuje katika zama zetu. Mwaka wa 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, na ndiye aliyechagua alama ya @ tuitumiayo hata leo. Watumiaji wa mtandao ule walikuwa wataalamu wachache, wala hawakuona haja ya lakiri. Kwa hiyo barua pepe ilizaliwa bila bahasha. Siku hizi njia ya kutoka mtambo mmoja hadi mwingine hufumbwa mara nyingi, lakini barua ikiisha kufika hulala katika mtambo uitwao seva, na seva hiyo kwa kawaida ni mali ya kampuni ambayo mwenye barua hajapata kuiona. Mwenye seva aweza kuisoma.

Dawa ya kale ni kuyafumba maneno, yaani kuyageuza kwa kanuni ya siri. Taabu yake ilikuwa moja: mwandishi na msomaji sharti wawe na ufunguo ule ule, na ufunguo wenyewe utapelekwaje bila kuibiwa? Mwaka wa 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha njia. Kila mwanafunzi wa bweni analijua sanduku la bati na kufuli lake. Wazia kwamba umewagawia watu wote makufuli yaliyo wazi, na ufunguo umebaki nao peke yako. Yeyote atakaye kukuandikia hutia barua sandukuni na kulibana kufuli lako. Akiisha kulibana, hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Mwaka wa 1977 Rivest, Shamir na Adleman walipata hesabu ya kuyatengeneza makufuli hayo: kuzidisha namba mbili tasa zilizo kubwa mno ni kazi nyepesi, lakini kulipokea jibu na kuzitafuta namba zile mbili ni kazi ya kuchosha mitambo.

Mwaka wa 1991 Philip Zimmermann, mtaalamu wa kompyuta aliyepinga silaha za nyuklia, alitunga programu iitwayo PGP, akaitoa bure ili mtu wa kawaida aweze kufumba barua zake. Upesi ikavuka mipaka ya Marekani. Sheria za huko wakati ule ziliuhesabu ufumbaji wa nguvu pamoja na zana za vita, nazo zana za vita hazitoki nje pasipo idhini; basi tangu mwaka wa 1993 Zimmermann akachunguzwa kama msafirishaji wa silaha. Msomaji acheke akipenda, lakini mwenyewe aliweza kufungwa. Mwaka wa 1995 maandishi yote ya programu ile yalipigwa chapa katika kitabu, maana kitabu kilikuwa na uhuru ambao programu haikuwa nao. Januari 1996 uchunguzi ukakoma bila mashtaka.

Huko Texas, Ladar Levison alikuwa na kampuni ya barua pepe iitwayo Lavabit, aliyoianzisha mwaka wa 2004, nayo ilikuwa na watumiaji 400,000 na zaidi. Mwaka wa 2013 serikali ya Marekani ilitaka habari za mtumiaji mmoja, Edward Snowden, ikadai ufunguo uliolinda njia ya watumiaji wote. Levison alikataa. Alipoamriwa na mahakama aliupeleka ukiwa umepigwa chapa katika kurasa 11 kwa herufi ndogo zisizosomeka. Akatozwa faini ya dola 5,000 kwa kila siku mpaka autoe kwa namna ya kutumika. Akautoa, na tarehe 8 Agosti 2013 akaifunga kampuni aliyoijenga kwa miaka karibu kumi. Mwaka wa 2014 Mahakama ya Rufani haikumwondolea hatia ya kuidharau mahakama. Serikali ilikuwa na hoja yake, sikatai. Lakini mimi naona ubaya ulianzia katika ujenzi, kwamba ufunguo mmoja uliweza kuhatarisha siri za watu wote hao.

Ndiyo sababu wako watu wanaoweka seva zao wenyewe nyumbani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, Ibara ya 31, inailinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Na atakaye barua zilizo katika seva ya nyumbani hubidi abishe hodi kwa mwenyewe. Lakini mzigo wake si mdogo. Umeme ukikatika, barua hazipokelewi. Mlango ukisahauliwa wazi, wezi huingia. Na makampuni makubwa huzishuku barua zitokazo kwenye seva ndogo, huzitupa pamoja na takataka. Tena mwandikiwa akiwa na sanduku lake kwa kampuni, nakala ya barua yako iko huko huko. Hata PGP hufumba yaliyo ndani tu. Majina ya mpelekaji na mpokeaji, na saa ya kupelekwa, hubaki wazi.

Mwezi wa Januari 2017 Levison aliifungua tena Lavabit. Safari hii mtumiaji aliweza kuchagua kuuweka ufunguo wake katika kompyuta yake tu, usifike kamwe kwa kampuni. Atakayeupoteza, Levison mwenyewe hana wa kumpa.