Mlango wa Shule na Kizingiti cha Lugha katika Ufipa

Ufipa ni nchi ya uwanda wa juu, iliyoinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Wenyeji wake ni wakulima, na wazee wao walisifika kwa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, zilizojivutia upepo zenyewe pasipo mivukuto. Basi elimu haikuingia Ufipa pamoja na kitabu. Kazi ya tanuri ilikuwa na kanuni zake, na mwanagenzi alizipokea kwa lugha ya nyumbani kwao. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana historia ya shule katika nchi hii ni historia ya maswali mawili: nani aingie darasani, na akiisha kuingia, ataelewa nini? Swali la kwanza limejibiwa na sheria, hatua kwa hatua. La pili limeachiwa mwalimu.

Shule ya kitabu ilianzia ufukoni. Ngome ya Karema, iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Miongoni mwa wanafunzi wao wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani, wasio na ukoo wala mtetezi. Mwaka 1889 akafika Karema Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Mto Niger, ambaye naye alitekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na mapadre hao katika Algeria, kisha akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Aliwahudumia wagonjwa wa pande hizo mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyepimwa thamani kwa fedha sokoni alikuwa tabibu wa watu kwa sababu alifunguliwa mlango. Tena mwaka 1907, katika uaskofu wa Adolphe Lechaptois, lilianzishwa Karema shirika la masista wa Kiafrika, na wasichana wakaona kwa macho yao kwamba mwanamke wa nchi yao aweza kuwa mwalimu. Hata hivyo mlango ule ulikuwa wa misheni, na masharti yake yalikuwa ya misheni.

Utawala wa Kiingereza uliongeza vichujio. Shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika. Katika shule za Waafrika, Kiswahili kilitumika madarasa ya chini, na Kiingereza kikashika ya juu. Wengi wa watoto wachache waliosoma waliishia darasa la nne. Kwa hivi, kujua Kiingereza hakukuwa maarifa tu. Kulikuwa alama ya yule aliyepita katika chujio, na aliyebaki nyuma alidhaniwa hana akili, hali alikosa nafasi.

Baada ya Uhuru mlango ulipanuliwa kwa nguvu. Mwaka 1962 mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule ya msingi iliandaliwa kwa ajili ya asilimia 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Sheria ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa taifa, ili dini isiwe kizuizi. Na karo ya shule ya msingi ikaondolewa mwaka 1973. Mwaka 1974, ambao ndio Mkoa wa Rukwa ulioundwa, Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977.

Lakini nyuma ya mlango kilibaki kizingiti. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike pia katika sekondari. Serikali haikulifuata shauri hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kwa masomo. Kilichofuata ni mradi wa kukitia nguvu Kiingereza. Lugha ya kufundishia haikubadilishwa.

Hasara yake huonekana kidato cha kwanza. Mtoto wa Ufipa amesema Kifipa, Kimambwe au Kirungu nyumbani. Amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Ghafula biolojia yamjia kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa mwepesi wa kujibu hunyamaza, na kimya chake hudhaniwa ujinga. Hakufukuzwa na mtu, wala jina lake halikufutwa katika daftari. Lakini masomo hayamfikii.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiingereza anaposhika ufunguo. Akimwadhibu mwanafunzi kwa kusema lugha yake, amelirudisha chujio la kale. Akimwomba aeleze kwa Kiingereza chepesi jinsi babu zake walivyogeuza nyasi kuwa matuta ya mbolea, na akikifanya Kiswahili daraja la kuvukia, amempa lugha ngeni pasipo kumnyang'anya akili yake.

Na mkuu wa shule ana wajibu wake: kuhesabu wasiokuwapo. Katika Rukwa watu wenye ualbino wamepata kushambuliwa na kukatwa viungo. Kwa mtoto wa namna hiyo njia ya shule yenyewe ni swali la uhai, na akifika ahitaji kuketi karibu na ubao na kupewa maandishi makubwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa haki ya kusoma. Msichana aliyejifungua, aliyekuwa akifukuzwa, ameruhusiwa kurudi tangu Novemba 2021. Lakini waraka haumpokei mtu langoni, humpokea mwalimu.

Tangu Karema hata Sumbawanga, sheria zimefungua milango mingi, na zastahili shukrani. Lakini haki ya darasani haitimii kwa kuingia tu. Hutimia siku mtoto wa dawati la nyuma anaponyosha mkono, akauliza, akaeleweka.