Nishani Zilizokwama Jaladani

Kabla ya kuvaa sare, Henry Johnson alikuwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya reli ya Albany, jimbo la New York. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918 alikuwa Ufaransa, kandokando ya msitu wa Argonne, akishika zamu ya ulinzi pamoja na askari mwenzake, Needham Roberts. Wajerumani wasiopungua 12 wakawavamia gizani. Roberts akajeruhiwa mapema. Johnson alirusha mabomu ya mkono, akafyatua bunduki mpaka ikakwama, akaigeuza na kuwatwanga kwa kitako, kisha akachomoa kisu chake kizito kama panga na kumkomboa Roberts, aliyekuwa tayari anaburutwa kwenda kufanywa mateka. Kulipopambazuka, mwilini mwake mlikuwa na majeraha 21. Wafaransa walimvika nishani yao ya Croix de Guerre. Jeshi la nchi yake lilimpa cheti cha kuachishwa utumishi, na cheti hicho hakikutaja jeraha hata moja.

Pengo hilo lilimwandama. Bila jeraha kwenye cheti ilikuwa vigumu kudai malipo ya majeraha ya vita. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeungwa kwa bamba la chuma, lakini karani wa pensheni hasomi mguu, husoma karatasi. Johnson alishindwa kurudia kazi ya kubeba mizigo, akafa mwaka 1929 akiwa bado katika miaka ya thelathini. Miaka mitatu baadaye Marekani iliifufua nishani ya Moyo wa Zambarau kwa ajili ya waliojeruhiwa vitani, na hata waliopigana katika Vita vya Kwanza waliruhusiwa kuiomba, ilimradi waonyeshe ushahidi wa jeraha. Cheti chake kisingemsaidia hata kama angekuwa hai.

Watu hudhani nishani huzaliwa pale risasi zinapolia. Huzaliwa mezani. Askari hajiandikii sifa mwenyewe: lazima awepo ofisa aliyeona au aliyesimuliwa, aketi na kuandika pendekezo, ashuhudie mwingine, kisha karatasi ipande ngazi moja baada ya nyingine, na ifike kabla muda uliowekwa na sheria haujapita. Ngazi mojawapo ikilala, ushujaa wote hulala nayo. Sasa chukua kikosi cha Johnson, Rejimenti ya 369: askari weusi walioazimwa kwa jeshi la Ufaransa, kwa kuwa makamanda wa Kimarekani hawakutaka kuwapanga bega kwa bega na weupe. Nani angeandika, na angemwandikia nani? Katika vita vile hakuna Mmarekani mweusi hata mmoja aliyepewa Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa, mpaka mwaka 1991, ndugu wa Koplo Freddie Stowers walipokabidhiwa yake. Stowers alikuwa amependekezwa tangu mwaka 1918. Jeshi lilieleza kwamba karatasi zake ziliwekwa mahali pasipostahili.

Kwa muda mrefu, askari aliyeona jalada lake limeandikwa visivyo alikuwa na njia moja kubwa: kumwendea mbunge wake na kumwomba apeleke mswada wa mtu mmoja. Bunge zima likaketi kujadili kama fulani aliachishwa jeshi kihalali au la. Wabunge walichoka. Sheria ya kupanga upya kazi za Bunge, aliyoitia saini Rais Truman Agosti 1946, iliwatupia mzigo huo mawaziri wenye dhamana ya majeshi, nao wakaunda bodi za raia zenye mamlaka ya kusahihisha kosa au kuondoa dhuluma katika kumbukumbu za askari. Bodi hizo zipo mpaka leo. Mwombaji anatakiwa apeleke ombi ndani ya miaka mitatu tangu alipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kulegeza kamba pale haki inapodai hivyo. Na ikikubali kuongeza nishani, cheti cha zamani hakifutwi. Hutolewa karatasi ya pili inayosema kwamba ile ya kwanza ilipungukiwa na jambo fulani. Mzee huzikunja zote mbili, kosa na sahihisho lake, akaziweka pamoja.

Lakini sheria iliacha jambo moja palepale lilipokuwa. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Mambo mengine hayakuhitaji hata ubishi, yalihitaji taarifa tu. Nyota ya Shaba ilianzishwa Februari 1944 baada ya Jenerali George Marshall kumweleza Rais Roosevelt kwamba askari wa miguu, wanaolala matopeni na kufa kwa wingi, wanaona marubani wakipambwa huku wao wakisahaulika. Mwaka 1947 jeshi likaamua kwamba kila askari wa miguu aliyepata beji ya kupigana katika Vita vya Pili, pamoja na mganga wa kikosi aliyepata beji yake, anastahili Nyota ya Shaba. Uamuzi mzuri, ila ulitoka wakati wenyewe wameshatawanyika kwenye mashamba, viwanda na vyuo, na nishani haikuwafuata nyumbani. Ilibidi mtu aombe. Ataombaje kitu asichojua kuwa ni chake? Ndiyo maana hata baada ya nusu karne palikuwa na wazee waliogundua, mara nyingi kwa udadisi wa mjukuu aliyekisoma cheti kwa makini, kwamba wamekuwa wakidai deni hilo tangu ujana wao bila kulijua.

Ushahidi wenyewe ulikuwa wapi? Kwa sehemu kubwa ulikuwa Overland, kitongoji cha St. Louis, jimbo la Missouri, katika jengo la ghorofa sita lililobuniwa na msanifu Minoru Yamasaki, yuleyule aliyekuja kubuni minara pacha ya New York. Lilikamilika mwaka 1956. Katika maghala yake ya majalada hapakuwa na mfumo wa kunyunyizia maji wakati wa moto, wala kuta za kuuzuia usisambae. Wataalamu walikuwa wamevutana kuhusu hilo: wapo walioogopa kwamba mabomba yakipasuka maji yangeharibu karatasi.

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 12 Julai 1973, ghorofa ya sita ilishika moto. Ilichukua saa 22 kuudhibiti na siku nne na zaidi kuuzima kabisa. Chanzo hakikuthibitishwa. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea: takriban asilimia 80 ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na asilimia 75 ya wa jeshi la anga walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, wale ambao majina yao kwa alfabeti yalikuja baada ya Hubbard, James E. Hapakuwa na nakala. Hapakuwa na filamu ndogo. Wala hapakuwa na orodha kamili ya kilichokuwamo, hivyo hata hasara yenyewe imebaki kuwa makisio.

Maji ya zimamoto nayo yalifanya yake, kwa kuwa majalada ya ghorofa za chini yalilowa na kuanza kuota ukungu katika joto la Julai. Makreti ya karatasi mbichi yalipelekwa kwenye kiwanda cha McDonnell Douglas na kukaushwa ndani ya chemba kubwa ya ombwe iliyojengwa kwa ajili ya majaribio ya vyombo vya anga. Zilizookolewa zingine zina kingo nyeusi kama mkate uliosahauliwa jikoni, na hadi leo hushikwa kwa glavu.

Hapo ndipo kazi ya makarani ilipogeuka kuwa upelelezi. Kwa kuwa jalada halipo, walijifunza kulijenga upya kwa vipande vilivyokuwa kwingine: ripoti za asubuhi, ambamo kila kombania iliandika nani yupo, nani amelazwa, nani amekufa, hati za malipo ya mwisho, majalada yaliyokuwa yameazimwa na idara ya maveterani kabla ya moto. Mwaka 1988 wakapata hazina ambayo haikutarajiwa, mamilioni ya kumbukumbu za waliolazwa hospitali za kijeshi wakati wa Vita vya Pili na vya Korea, zilizokuwa zimewekwa kwenye kompyuta kwa ajili ya utafiti wa tiba. Hazikuwa na majina, zilikuwa na namba za askari. Kwa aliyekuwa akitafuta uthibitisho wa jeraha, namba ilitosha.

Si kila mtu aliokolewa na vipande hivyo. Waverly Woodson wa Philadelphia alikuwa mganga wa Kikosi cha 320 cha maputo ya ulinzi, kikosi cha askari weusi kilichotua Omaha Beach tarehe 6 Juni 1944. Chombo chake kilipigwa, vipande vya chuma vikamchana paja na mgongo. Alifungwa bandeji, akapanga kituo cha tiba chini ya mwamba, akafanya kazi kwa saa 30 hivi: alitoa risasi, alitia plazma, alikata mguu uliokuwa haufai tena, alizindua watu waliokaribia kuzama. Inakadiriwa aliwahudumia askari wasiopungua 200. Magazeti ya Wamarekani weusi yalimwita shujaa. Alizopewa ni Nyota ya Shaba na Moyo wa Zambarau.

Baada ya miongo kadhaa, mwandishi Linda Hervieux, akitafiti kitabu chake kuhusu kikosi hicho kilichotoka mwaka 2015, aliikuta barua fupi katika maktaba ya Rais Truman. Ilionyesha kwamba kamanda wa Woodson alimpendekeza kwa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, na kwamba ofisi ya jenerali mmoja huko Uingereza iliona anastahili kubwa zaidi, yaani Nishani ya Heshima. Pendekezo lenyewe halijaonekana. Jalada la Woodson lilikuwa miongoni mwa yaliyoungua St. Louis. Jeshi likajibu kwamba bila karatasi haliwezi kutoa nishani ya juu kabisa, na mjane wake, Joann, akaendelea kuandika barua akiwa na zaidi ya miaka 90. Juni 2024, miaka 80 baada ya kutua ufukweni, na karibu miaka 19 baada ya Woodson kufariki, Msalaba ulitangazwa kuwa wake.

Ni rahisi kuusingizia moto. Kapteni Paris Davis hakuwa na moto wa kusingizia. Juni 1965, huko Bong Son, Vietnam, aliongoza kikosi kwa karibu saa 19 na kukataa kuondoka mpaka kila Mmarekani aliyejeruhiwa atolewe. Alikuwa mmoja wa maofisa weusi wachache katika vikosi maalumu. Mkuu wake alimpendekeza kwa Nishani ya Heshima mara moja, karatasi zikapotea. Mwaka 1969 uchunguzi ukafanyika, jalada halikuonekana, ikaagizwa liandikwe upya. Nalo likapotea. Askari wenzake hawakuacha kulifufua suala hilo, na Rais Biden alimvalisha nishani tarehe 3 Machi 2023, akiwa na miaka 83. Karatasi ikipotea mara moja ni bahati mbaya. Ikipotea mara mbili, kwa mtu yuleyule, msomaji ana haki ya kukunja uso.

Mwaka 1996 Bunge lilifungua mlango wa kupitia upya mapendekezo yaliyochelewa, kwa kupitia mbunge. Ndio mwaka ambao Henry Johnson alipata Moyo wake wa Zambarau. Nishani ya Heshima ilimfikia Juni 2015, baada ya watumishi wa Seneta Chuck Schumer kuibua taarifa ya Jenerali Pershing, iliyoandikwa siku chache tu baada ya pambano la Argonne na kulisimulia kinagaubaga. Kumbe karatasi ilikuwapo miaka yote. Kisha jeshi, katika kuchunguza nasaba, likabaini kwamba familia iliyoipigania heshima yake kwa miaka mingi haikuwa na uhusiano wa damu naye. Nishani ikapokelewa na mwanajeshi wa jimbo la New York kwa niaba yake. Kanuni ileile iliyodai ushahidi wa majeraha ilidai ushahidi wa ukoo, na haikujali ni nani aliyetokwa jasho.

Kwa askari wa Keya (King's African Rifles), Waafrika waliopigana Uhabeshi na Burma upande wa Uingereza, mambo yalikwenda kinyume. Kenya walikuwapo waliopewa medali zao, wakazitupa au kuziharibu wenyewe wakati wa vita vya Mau Mau, maana kukutwa na kichwa cha Mfalme sandukuni kulitosha kumfanya mtu aonekane msaliti. Medali za Uingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina la mtu kuchorwa ukingoni, hivyo hata ikiokotwa shambani haisemi ilikuwa ya nani. Novemba 2023, katika makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, Mfalme Charles aliwakabidhi wazee wanne medali mpya badala ya zile. Mmoja wao alitajwa kuwa na miaka 117.

Wapagazi wa vita vya 1914 hawakufika hata hapo. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au huenda hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika wa mashariki na Wamisri. Machifu walikuwa wametakiwa kutoa idadi ya wanaume, na mara nyingine idadi ndiyo iliyoandikwa. Tangu wakati huo watafiti wa tume wamekuwa wakipekua madaftari ya kijeshi yaliyosalia Kenya, ukurasa kwa ukurasa, wakinakili majina.